Mushindi Hakutikisika

Walisoma jina la Willy mara mbili, na mara mbili aliyesimama ni muke wake, Régine.

Kila mwaka wacheza filimu wa kando ya Mweru wanakusanyika Nchelenge, mu sali moja kubwa ya mikutano, kupeana zawadi. Mwaka huu Kapembwa, musemaji wa sherehe, aliwatega kitendawili: nani amepita wenzake wote bila kuinua hata kidole? Sali ikaitika: Willy, yule aliyecheza mufu.

Zawadi ilikuwa picha yake kubwa, ndani ya kadri, fremu ya mbao. Régine hakutaka kitu kingine. Picha zao zote zililowana siku walipovuka ziwa kukimbia vita. Nyumbani hakukuwa hata moja yenye uso wa Willy.

Lakini Kapembwa aliikumbatia kadri. Mushindi ajitokeze mwenyewe, alisema, ama picha inarudi kwa wenye filimu.

Watu wakaanza kutania. Mama mumoja alisema bwana yule lazima yuko Puta, muke wa pili anamutolea samaki miiba. Régine hakucheka, hakukasirika. Alikuwa anaangalia kadri tu.

Dan, mukubwa wa filimu, alisimama kumutetea mutu wake. Mu filimu zingine, alisema, mufu anapumua. Tumbo inapanda, inashuka, watu wanacheka. Yeye alizunguka Kafutuma nzima akitafuta mutu wa kulala mu sanduku ya maiti. Wote walikataa, maana muzima akilala mule anaita kifo. Kisha siku moja Régine alimufuata mwenyewe, akasema bwana yake anaweza, ila sanduku ibaki kwao, kwa sababu sanduku iliyolaza mutu hairudishwi kwa fundi.

"Tulifika, tukamukuta tayari," Dan alisema. "Suti, pamba mu pua. Hata kutusalimia, hapana. Ule anajua kazi."

Sali ikapiga makofi.

"Tukamushusha mu shimo, tukapiga picha, tukakimbilia Chienge kabla jua ishuke. Hata merci sikumwambia."

Akatoa kadri mu mikono ya Kapembwa, akamukaribia Régine.

"Mama, leo nitamupelekea mimi mwenyewe. Bwana yuko wapi?"

Régine alipokea picha. Akapangusa kioo na kona ya kitenge, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Yuko palepale mulimuacha."