Zege la Kufika kwa Bi Chausiku

Kabla ya alfajiri komeo lililia “tak”, mlango ukabaki umefungwa. Nyumba zetu siku hizi hujifunga zenyewe, na haziwafungulii wazee mpaka njia ya nje iwe sawa, wasije wakaanguka. Njia yangu ilikuwa imetitia, maana bomba la majitaka chini yake lilipasuka likamomonyoa udongo. Tangu bomba lipasuke sikuwa nimemwona rafiki yangu Bi Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, naye alikuwa anaumwa.

Asubuhi alikuja fundi Adelina. Alivunja zege, akabadilisha bomba, akashindilia udongo tabaka kwa tabaka, kisha akamwaga zege jipya. Nilimpitishia chapati dirishani.

“Harakisha, mwanangu.”

“Nikiharakisha, bibi, masika utafungiwa tena. Na kwa chapati hizi, mimi nina haraka gani?”

Kesho yake zege likakauka, mlango ukafunguka. Adelina alitumwa kwangu tu, lakini zege lake lilivuka mpaka, likafika chini ya dirisha la Bi Chausiku.

“Lilibaki kidogo,” alisema, akikusanya vifaa vyake.

Mlangoni kwa Bi Chausiku palikuwa pametitia vilevile, naye alikuwa hajafunguliwa. Nilipita juu ya zege hadi dirishani kwake, akanipa mkono kupitia nondo, ukiwa wa moto kwa homa.

“Kesho uje tena, shoga yangu,” akasema, asiuachie wangu.