Alama za Staha

Jedida aliandika sifuri, kisha akaipigia mstari chini, mara mbili, hadi karatasi ikachanika.

Maalim Yaseen, mwamuzi mwenzake, alivua miwani. Tangu asubuhi walikuwa katika ukumbi mmoja mjini Malindi, wakisoma maoni ya wananchi kuhusu marekebisho ya uchaguzi na kuyapa alama za staha, sifuri hadi kumi. Yaliyofaulu yangesomwa kesho mbele ya kamati kutoka Nairobi. Yaliyopata sifuri yangetupwa, ila ilibidi waamuzi wote wawili watie saini.

"Mwalimu Jedida, huyu Mangi wa Gongoni hajamtukana mtu," alisema kwa upole. "Hebu sikiliza. 'Naomba matokeo ya kila kituo yabandikwe mlangoni na kupigwa picha kabla masanduku hayajaondoka. Yaliyonipata mimi simwombei mwingine. Aliyenitendea nimemsamehe.' Tusi liko wapi hapo?"

"Hapo kwenye kusamehe."

Maalim hakuelewa.

"Ananisema mimi," Jedida alisema. "Alipogombea uwakilishi wa wadi, msimamizi wa kituo chake nilikuwa mimi. Akashindwa kwa kura tisa. Kesho yake akapanda juu ya gari sokoni na kipaza sauti, akanitaja kwa jina langu na la marehemu baba. Jedida mwizi! Jedida mwizi! Wanafunzi wangu walikuwapo, Maalim. Walikuwa wakicheka."

"Pole sana, mwalimu."

"Kanisani nikawa nakaa benchi peke yangu. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, nikamwapia kwa Biblia. Hakuuliza tena, lakini alihamisha godoro lake chumba cha pili, na huko ndiko aliko mpaka leo. Halafu Mangi aje asomewe maneno yake mbele ya wakubwa, apigiwe makofi, aonekane mtu wa subira! Siku hii nimeingoja miaka."

Maalim alizungusha kalamu vidoleni. Alijua kwamba alama hazitolewi kwa hasira. Lakini alimwona mwanamke mtu mzima, aliyefundisha kwa miaka thelathini, aliyeaibishwa mbele ya wanafunzi wake, na yeye Maalim mwenyewe alikuwa na mabinti. Akavuta karatasi, akatia saini chini ya ile sifuri, akaitupa kapuni.

Jedida aliifuata kwa macho mpaka ilipotua. Kisha akashusha pumzi ndefu, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mwenyezi Mungu atamlipa," Maalim alisema, akiinuka kumfungulia mlango. "Kumzulia mtu uwongo mkubwa namna ile!"

Jedida alitundika mkoba begani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

"Uwongo gani, Maalim?"