Msumari wa Ukutani

"Sasa cheti unaninyimia nini, dokta? Si nimesoma herufi zote?" Shomvi alifoka, mkono bado umeziba jicho la kulia, glovu zikining'inia shingoni. "Jumamosi nacheza fainali!"

"Huchezi," Dokta Namsifu naye akapandisha sauti. "Jicho la kushoto limekufa. Likipigwa la kulia, unabaki gizani."

"Limekufa vipi na nimesoma nalo mpaka mstari wa mwisho?"

Kweli alisoma, tena bila kusita. Pale kwao gym mabondia wote wanazijua zile herufi, maana kocha anawaimbisha wakiruka kamba.

"Hebu toa mkono kwenye jicho la kulia," daktari akasema.

Shomvi akatoa. Ukutani hakukuwa na herufi yoyote, msumari tu. Ubao wenyewe wa herufi daktari alikuwa ameupakata magotini.

Shomvi akacheka kama mtu aliyepigwa ngumi safi. "Umeniweza, dokta."

Akavua glovu, akaupapasa msumari, akazitundika.

"Jumamosi njoo," akasema. "Nitakuwa kwenye kona ya ulingo kama msaidizi, na anayepigana atakuwa anaona."

Alipofungua mlango, wenzake wa gym waliokuwa kwenye benchi wakisubiri kupimwa walikuwa wananong'ona herufi zilezile. Akatoka kifua mbele, akaufunga mlango nyuma yake na kuwaambia, "Acheni kukariri."