Hatua ya Kuingia Kanisani

Mlangoni mwa kanisa la Majimoto, miguu ya mzee Felisiani iligoma kabisa. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu ugonjwa wa Parkinson umshike, na leo alikuwa anampeleka binti yake altareni.

Kwaya ilianza wimbo upya. Watu wakageuka.

"Nenda na mjomba wako," mzee alimnong'oneza binti yake kwa aibu.

"Siendi bila wewe, baba. Daktari si alisema miguu ikigoma umtazame mtu anavyotembea? Basi nitazame mimi."

Binti akapandisha gauni hadi vifundoni, mbele ya kanisa zima. Akainua kiatu cheupe chenye tope la majaruba ya mpunga, akakishusha taratibu. Akarudia.

Felisiani alikikazia macho. Goti lake lililokakamaa likakunjika, na kisigino kikaachana na sakafu.