Kipa Aliyepunguzwa Uzito

Ligi ilipokwisha, wanyama wa bondeni waliiletea timu yao kocha mpya, Mbuni, ambaye hakuamini kitu ila mbio. Siku ya kwanza ya kambi aliwapima wachezaji wote uzito. Alipopanda kipa, Kiboko, mizani ikavunjika.

"Wewe ni kipa au kontena?" Mbuni alifoka.

"Kipa, Mwalimu," Kiboko akajibu kwa upole. "Msimu mzima nimefungwa mabao mawili tu."

"Bahati hiyo! Kuanzia leo utapanda kilima asubuhi na jioni, na majani ni mlo mmoja kwa siku."

Kiboko alikuwa mtiifu kuliko wote. Wiki sita nzima alikimbia bila kunung'unika, mpaka jezi ikampwaya na shingo ikaonekana. Mbuni alimtembeza uwanjani kwa fahari, kila mtu amwone.

Ikaja mechi ya kirafiki na timu ya Nyani. Mpira wa kwanza ulipita kushoto kwa Kiboko, wa pili kulia. Kufika mapumziko, walikuwa wamefungwa saba.

"Huyu zamani alikuwa anadakaje?" Mbuni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuwa anadaka, Mwalimu," alisema Ngiri, nahodha. "Akisimama pale, goli lilikuwa halionekani."

Kesho yake wenzake walipoelekea kilimani, Mbuni alimzuia Kiboko, akamsogezea rundo la majani mabichi.

"Mazoezi yako haya hapa," alisema. "Usiinuke mpaka nikwambie."

Kiboko, mtiifu kuliko wote, akafungua kinywa.