Kitambaa cha Kombo

Bi Mashavu alifika kwenye gati kongwe la mto akiwa ameamua kukifungua kile kitambaa. Katika mji ule, mtu akimezwa na mto asionekane, mama yake hufunga kipande cha kanga kwenye nguzo ya gati, na matanga hayakaliwi mpaka akifungue kwa mkono wake mwenyewe. Miaka yote alikataa. Siku hiyo alikubali kwamba mwanawe Kombo hatarudi.

Lakini nguzo ilikuwa imevimba kwa vitambaa, riboni na kamba za viatu.

"Karibuni, wageni!" Sefu, mtembeza watalii, alinadi. "Hii ndiyo nguzo ya wapendanao! Funga, omba, kisha twende makumbusho, tumalizie kwa samaki!"

"Sefu, cha mwanangu kiko wapi?"

Sefu akashusha sauti. "Shikamoo, mama. Kimo humo humo. Jua limevipausha vyote, havitambulikani."

Msichana mmoja akamnyooshea riboni mpya. "Bibi, nawe funga chako!"

Bi Mashavu aliisukuma riboni kando. Alipiga magoti, akaanza kuyafungua yote kwa meno, fundo la kwanza kwanza. Nyuma yake wageni walipanga foleni, kila mmoja na riboni yake mkononi.