Fungu la Mama

Siku tuliyomzika baba mgombani, mama alibebwa kwa kiti hadi kaburini. Moyo wake ulikuwa mgonjwa na mwili mzito. Daktari alimwonya kwamba asipopungua, atamfuata mumewe.

Akaanza kula kidogo, na majani ya ng'ombe akayakata mwenyewe.

Krismasi ya tatu baada ya msiba, baba mdogo Basili alimletea fungu lake la nyama ya ukoo, kidari kinachochuruzika mafuta.

"Kula, shemeji. Umekonda, watu watasema tunakunyima."

Fungu la ukoo halikataliwi.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akakata kipande chembamba, akala.

"Nimekula. Hili lingine nisaidie, Basili. Tumbo lako bado lina nafasi."

Hata Basili alicheka.

Sasa mama hupanda kilima kwenda misa kwa miguu. Kile kiti alichobebewa hukikalia Basili.